Kuondoa harufu ya zamani katika mitungi ya tumbaku na rafu za viko

Harufu ngumu zaidi kuiondoa ni ya Latakia, tumbaku ya Kupro inayokaushwa kwa moshi wa kuni, pamoja na manukato ya maua yanayotiwa katika baadhi ya tumbaku za Kendal, Uingereza. Mtungi wa kioo au wa kauri iliyong'arishwa uoshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, kisha ujazwe maji yenye vijiko viwili vya baking soda na uachwe hadi asubuhi. Mpira wa kifuniko ubadilishwe, kwa maana huo ndio unaoficha harufu hata mtungi wenyewe unapokuwa safi kabisa.

Rafu ya mbao isilowekwe kamwe, wala isianikwe juani, kwa kuwa mbao kuukuu hupasuka upesi. Ifute kwa kitambaa kilichonyunyiziwa siki kidogo, iache kivulini penye hewa, kisha ifungie ndani ya boksi pamoja na bakuli la mkaa uliopondwa kwa wiki moja au mbili. Harufu ikibaki, piga msasa laini sehemu zisizopakwa vanishi pekee.