Kabla hujalipia kiwanja kando ya korongo Mwanza

Dalali hupenda kukupeleka Julai au Agosti, korongo likiwa kavu na watoto wanacheza mpira mchangani. Usilipe siku hiyo. Rudi wakati wa vuli, kati ya Oktoba na Desemba, au masika, Machi hadi Mei, mvua kubwa ikishanyesha. Vilima vya Mwanza ni mawe ya matale. Maji hayazami, yanateremka moja kwa moja. Ndiyo maana korongo linaweza kujaa chini huku kwako jua linawaka, mvua ikiwa imenyesha juu kilimani. Waulize wanaoishi Mabatini, kando ya Mto Mirongo.

Kama huwezi kungoja mvua, lisome korongo lenyewe. Tazama matambara, majani na taka zilizonasa kwenye vichaka na uzio, kisha pima kwa futi kamba kutoka sakafu ya korongo hadi zilipofikia. Maji yalifika angalau hapo. Kama ni juu ya usawa wa msingi unaoutaka, achana na kiwanja hicho, hata kikiwa cha bei ya kutupa. Angalia pia mawe yaliyolala chini: makubwa na ya mviringo maana yake maji ya hapa yana nguvu ya kuyabiringisha, na ukuta wako wa tofali hautayashinda.

Kona ndiyo inayowaponza wengi. Upande wa nje maji hukimbia zaidi, yanachimba ukingo kwa chini mpaka udongo wa juu unaporomoka. Ukiona ukingo umesimama wima, hauna nyasi, na mizizi inaning'inia hewani, kiwanja hicho kinapungua kila msimu. Upande wa ndani maji hupoa na kuacha mchanga, ndiyo maana pamesawazika vizuri. Panapendeza, lakini mchanga huo uliletwa na mafuriko.

Panda juu kidogo ukaangalie kalavati. Likiziba taka, maji hutafuta njia ya pembeni, pengine ni uani kwako. Wanaochimba mchanga korongoni, upande wa chini ya kiwanja chako, nao wanashusha sakafu ya korongo, na kingo za juu hufuata taratibu. Ukinunua karibu na mdomo wa mto, kumbuka ziwa nalo hupanda, kama lilivyofanya mwaka 2020, na likipanda maji ya mto hukosa pa kwenda.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu, kama ujenzi, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Pima mwenyewe. Maneno ya "hapa wote wamejenga" hayatakusaidia siku nyumba inapowekewa alama ya X. Kisha uliza ofisi ya ardhi ya halmashauri na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria. Kwa habari za mafuriko, waulize wapangaji wa jirani; muuzaji hatakwambia.