Kukagua Nyumba ya Kambini Kabla ya Kupokea Funguo

Mwanajeshi anayepewa nyumba katika kambi ya Lang'ata, Kahawa au Embakasi aikague mchana, kabla ya kutia sahihi. Aanze na maji, kwa kuwa Nairobi ina mgao: afungue mifereji yote kwa pamoja, kisha aulize tangi hutosha siku ngapi. Apapase kuta za vyumba vya kulala, hasa pembe zilizo nyuma ya kabati, kwa sababu unyevu uliofichwa kwa rangi mpya hujitokeza Julai, baridi inapokaza, na ukungu huwasumbua watoto wenye pumu. Soketi na madirisha ajaribu moja baada ya jingine.

Kila kasoro iandikwe. Picha zipigwe kwa ruhusa tu, maana hapo ni kambini. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 humpa kila mtu haki ya makazi ya kutosha, lakini Ibara ya 24(5) huruhusu sheria kuiwekea mipaka haki hiyo kwa wanajeshi, kwa hiyo asitegemee Katiba pekee: orodha ya kasoro isainiwe pia na afisa anayesimamia nyumba, na mwanajeshi abaki na nakala hadi siku ya kurudisha funguo.