Kabla hujalipia risiva, isikilize ikiwa kimya

Watu wengi wakienda kununua risiva ya sebuleni, ile amplifaya yenye redio inayoendesha spika, neno la kwanza kwa muuzaji ni "hebu weka mziki tusikie", muuzaji anapandisha mpaka vioo vya kabati vinatetemeka, mteja anatoa hela. Mi nakuomba uanze na kimya. Mwambie achague aux, lile tundu la kuingizia sauti, bila kuchomeka kitu, volyumu iwe chini kabisa, afu wewe inama usogeze sikio kwenye twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, sentimita chache tu, usikilize. Baada ya hapo apandishe taratibu mpaka nusu, bado hamna mziki. Kama ni Kariakoo wahi asubuhi kabla maduka ya jirani hayajawasha spika zao nje, la sivyo hutosikia kitu. Mziki mkubwa unafunika ugonjwa wote, na utakuja kuujua nyumbani saa nne usiku, watoto wamelala, unataka kuangalia habari kwa sauti ndogo afu chini yake kuna mmmmm isiyoisha.

Kelele za spika haziko aina moja na hapa ndo watu wanapoteza hela kwa mafundi. Ile ya shhhh, nyembamba kama mvua ya mbali kwenye bati, inatokea kwenye twita na kila amplifaya inayo hata ya bei mbaya, ni umeme wenyewe unavyotembea ndani ya vipuri. Kama unaisikia sikio likiwa karibu na spika lakini ukikaa kwenye kochi mita tatu imepotea, hiyo ni afya, achana nayo. Na inategemea spika pia, angalia nyuma yake au kwenye karatasi yake utaona dB (desibeli) 86, yaani ukubwa wa sauti inayotoa kwa wati 1, nyingine 90, nyingine mpaka 98, sasa kila dB 3 zikiongezeka ni sawa na kuzidisha wati mara mbili, kwahiyo spika ya 98 inapata kwa wati 1 sauti ambayo ya 86 inaihitaji wati 16. Shhhh iliyokuwa imejificha kwenye spika ya dB ndogo, ukibadilisha spika inatoka hadharani na risiva ni ileile.

Mmmmm ni habari nyingine. Huo ni umeme wa ukutani, wa kwetu ni hezi 50, na ukishapita kwenye daiodi, vile vipuri vinavyougeuza kuwa wa DC, unavuma kwa 100. Ili ujue unatoka wapi chomoa waya zote za kuingiza sauti, ziache za spika tu. Ukibaki palepale, na ukipandisha volyumu haubadiliki, mara nyingi ni zile kapasita kubwa za pawa, zinazotuliza umeme ndani, zimechoka, na mashine ya miaka 20 hilo ni jambo la kutegemea. Ukipotea basi risiva haina kosa, tafuta kwenye vile ulivyoviunganisha. Afu kuna boksi lenyewe kuvuma, weka kiganja juu utahisi, hiyo ni tranfoma inatetemeka na spika hazihusiki kabisa.

Kwa shemeji yangu Tabata tulihangaika na hili jioni nzima. Risiva nzima, spika nzima, lakini vumi lilikuwa linasikika mpaka jikoni, na fundi alishasema kapasita zote zibadilishwe, akataja na bei. Nikaanza kuchomoa kwenye soketi kimoja kimoja, deki, tivii, sijaona tofauti, nilivyofungua ule waya wa dishi nyuma ya king'amuzi ghafla kimya, tukaangaliana. Kumbe dishi lilikuwa limefungwa kwenye bomba la chuma lililozama ardhini, na sabwufa ilikuwa na plagi ya pini tatu yenye ethi yake, ile njia ya usalama ya kwenda ardhini, kwahiyo mfumo mmoja una njia mbili za kwenda ardhini na umeme unazunguka katikati kupitia waya za sauti. Tulirudisha dishi, tukatoa zile waya nyekundu na nyeupe kati ya tivii na risiva tukaweka waya wa optiko, ule unapitisha mwanga tu, hauna shaba ya kubeba vumi, ikaisha. Tafadhali, mtu asije akakushauri ukate pini ya ethi. Vumi litaondoka ni kweli, ila siku waya wa moto ukigusa bodi ya chuma, zile volti 230 zitamsubiri mtoto atakayeigusa.

Ukisikia di-di-dit di-di-dit sekunde chache kabla simu haijaita, ni simu hiyo, isogeze tu.

Tukirudi kwenye kununua. Ikiwa ni mtumba geuza nyuma usome kibao cha umeme kabla ya kusoma kitu kingine. Za Japani ni volti 100, za Marekani 120, ukiichomeka moja kwa moja kwenye soketi yetu umeiua. Tranfoma ya kushusha umeme inasaidia, ila chukua yenye nafasi, kama risiva imeandikwa wati 300 tafuta ya 500 kwenda juu, na ujue tranfoma za ovyo nazo zinavuma. Kwenye za Japani kuna kitu wauzaji wengi hawakisemi, redio zake nyingi za zamani zinaanza 76 zinaishia 90, sisi FM yetu ni 87.5 mpaka 108, kwahiyo stesheni nyingi hutazipata hata ufunge antena gani.

Ile PMPO, wati zilizokuzwa za kutangazia, usiisome kabisa. Uliza RMS, yaani wati za kweli za mfululizo, kwa omu ngapi (ukinzani wa spika), chaneli ngapi, yaani njia za spika, zikifanya kazi pamoja, maana wati 100 za chaneli moja siyo 100 za chaneli tano. Risiva iliyoandikwa isishuke chini ya omu 6, ukaifunga spika za omu 4, inaweza kuchemka na kujizima katikati ya sherehe. HDMI ya ARC, ile inayorudisha sauti ya tivii kwenye risiva kwa waya mmoja, imekuja na HDMI 1.4 mwaka 2009, kwahiyo ya zamani kuliko hapo hakikisha angalau ina tundu la optiko.

Ukiiwasha subiri uisikie "tak" ndani baada ya sekunde chache, ni relei, swichi inayojiwasha yenyewe, inaunganisha spika. Ikipiga "duf" kubwa na koni ya wufa, ile spika kubwa ya besi, ikasukumwa nje ikabaki hivyohivyo, zima haraka uondoke, hiyo inaunguza spika. Ila kitufe cha volyumu kukwaruza kruu kruu ni vumbi tu, dawa ya kupuliza inamaliza, kitumie kupunguza bei.

Na kabla hujatoka dukani andikiwa risiti yenye namba ya mashine, mkubaliane siku kadhaa za kuirudisha, kwasababu vumi la waya za nyumbani kwako pale dukani halisikiki.