Kanuni za mwenendo kwa jumuiya ya mtandaoni inayojiongoza kwa kura: anza na funguo, si maneno

Jumuiya ambayo kila mwenye tokeni (sarafu ya kidijitali ya jumuiya) ana kura, na hazina yake hufunguliwa na mkataba mahiri (programu inayojitekeleza yenyewe kwenye blokucheni, yaani daftari la pamoja la kidijitali) badala ya mhasibu, haina mkurugenzi wa kumwita mtu ofisini. Hapo ndipo kanuni nyingi za mwenendo hukwama. Watu hunakili maneno mazuri kuhusu heshima, huyapitisha kwa kura, kisha siku mwakilishi (mwanachama anayepiga kura kwa niaba ya waliomkabidhi zao) mwenye kura nyingi anapomtukana mgeni au kuuza kura alizokabidhiwa, hakuna anayejua nani achukue hatua gani.

Orodhesha funguo

Kabla ya kuandika kifungu chochote, andika kila kitu ambacho jumuiya inaweza kumnyima mtu, na mbele yake anayeshika ufunguo, yaani mwenye uwezo wa kukitoa au kukizuia. Mara nyingi utapata vitano: nafasi katika vyumba vya mazungumzo (wasimamizi), jina katika orodha rasmi ya wawakilishi (anayetunza tovuti), malipo ya mwezi (wenye sahihi katika pochi ya sahihi nyingi, ile isiyotoa fedha hadi watu kadhaa waidhinishe), ruhusa ya kuomba ruzuku (kamati husika), na viti vya kamati zenyewe (kura ya wote).

Sasa tazama kisichokuwamo: tokeni. Mkataba wa kawaida wa kupigia kura hauulizi tabia ya mtu, unahesabu tokeni tu. Aliyefukuzwa kwenye mazungumzo yote bado atapiga kura, na anaweza kuhamishia tokeni zake kwenye anwani nyingine dakika hiyohiyo. Kwa hiyo usiandike "atapoteza haki ya kura" ikiwa mkataba hauna uwezo huo. Adhabu isiyotekelezeka huvunja imani hata kwa zile zinazotekelezeka. Na kama uwezo huo unaweza kuongezwa, sisi tunashauri uuache. Ufunguo wa kufuta kura ya mkorofi ndio huohuo utakaotumika siku moja kufuta kura za wapinzani.

Yapo pia mambo ambayo mwenendo hauwezi kuyazuia, nayo yaachiwe msimbo wa programu. Aprili 2022, mtu mmoja alitumia mkopo unaochukuliwa na kurudishwa ndani ya muamala uleule, akapata wingi wa kura katika mradi wa sarafu za kidijitali wa Beanstalk, akapitisha pendekezo lake na kukomba hazina papo hapo; hasara ilikadiriwa kuwa dola milioni 182. Kifungu cha uaminifu kisingemzuia. Dawa yake ni kuhesabu nguvu ya kura kwa salio la tokeni la bloku iliyotangulia (kundi la miamala lililorekodiwa kabla), na kuweka muda wa kusubiri, siku 2 au zaidi, kati ya pendekezo kupita na kutekelezwa. Ukiyamaliza hayo kwenye msimbo, kanuni zako zitabaki fupi.

Andika makosa yanayoonekana

Kipimo ni hiki: watu wawili wasiopatana wasome kifungu kimoja na ushahidi mmoja. Je, watafikia jibu moja? "Tuheshimiane" kinafeli hapo. Linganisha na hiki:

"Ni kosa kuchapisha jina halisi, picha, makazi au mwajiri wa mwanachama aliyechagua kutojitambulisha, hata kama taarifa hiyo inapatikana kwingine."

Maneno ya mwisho ndiyo yanayobeba kifungu, kwa sababu utetezi wa kwanza wa kila aliyemwanika mwenzake ni kwamba habari zilikuwa tayari hadharani.

Papo hapo linda ukosoaji kwa maandishi. "Pendekezo hili litamaliza hazina ndani ya miezi 4, na mwandishi ameulizwa mara 3 bila kujibu" ni ukali unaoruhusiwa. "Mwandishi ni mwizi", bila ushahidi, ni tuhuma dhidi ya mtu. Usipouandika mpaka huu, wenye kura nyingi watageuza kanuni kuwa fimbo ya kunyamazishia wanaowauliza maswali.

Kuhusu akaunti nyingi, usikataze pochi nyingi, kwani watu hugawanya mali zao kwa usalama. Kinachokatazwa ni mtu mmoja kuzungumza kwa majina kadhaa akijifanya ni watu tofauti wanaokubaliana.

Mgongano wa maslahi

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi, maana hapa ndipo fedha za watu hupotea kimyakimya. Kuwa na maslahi si kosa. Kuyaficha ndilo kosa. Kifungu kiseme nini kitangazwe (ajira, malipo, tokeni za mradi unaoomba fedha, undugu), wapi (aya ya kwanza ya pendekezo au ya hoja), na lini (kabla kura haijafunguliwa). Weka mfano wa kunakili, la sivyo kila mtu ataandika kwa mafumbo:

"Ninalipwa na timu inayoomba ruzuku hii, na nina tokeni zao. Kwa kura nilizokabidhiwa sitaunga mkono wala kupinga."

Sentensi ya mwisho ina mtego. Wengi huamuru mwenye maslahi asipige kura kabisa, kisha pendekezo halali linaanguka kwa kukosa akidi, kwa kuwa mwakilishi huyo alikuwa ameshika kura nyingi. Soma mkataba wako kwanza. Moduli ya kura iitwayo Governor ya OpenZeppelin (maktaba ya misimbo ya mikataba mahiri), katika muundo wake wa kawaida, huhesabu kura za ndiyo na za kutoegemea upande katika akidi, ila za hapana haizihesabu. Huko mwambie apige kura ya kutoegemea. Mifumo ya aina ya Governor Bravo, mkataba mwingine wa kura, huhesabu za ndiyo peke yake, kwa hiyo kura ya kutoegemea haitaokoa akidi. Kwenye mifumo hiyo, mtake mwakilishi atangaze maslahi yake siku 7 kabla ya kura kufunguliwa, ili waliomkabidhi wapate muda wa kuzihamisha kura zao. Hesabu hizo siku kwa makini: mikataba mingi hupima nguvu ya kura mwanzoni mwa upigaji, na anayehamisha baada ya hapo amechelewa.

Malipo ya kura nayo yatajwe wazi. Mwakilishi kulipwa na hazina kwa kiwango kilichotangazwa ni mshahara. Kulipwa na mtu mwingine ili akubali au akatae pendekezo fulani ni hongo. Bila mstari huo, hongo itaitwa "ushauri wa kitaalamu".

Nani asikilize malalamiko

Watu 5 wanatosha, na 2 wa akiba kwa siku ambayo mjumbe atalazimika kujitoa kwa sababu anamfahamu mlalamikiwa. Muhula miezi 6. Msimamizi wa mazungumzo asiwemo: anayemfungia mtu nje asiwe ndiye anayesikiliza rufaa yake, maana hiyo ni kesi ya ngedere iliyopelekwa kwa nyani.

Muda uandikwe kwa tarakimu. Mlalamikaji ajulishwe ndani ya saa 48 kwamba lalamiko limefika. Mlalamikiwa apewe siku 7 kujibu, uamuzi utoke ndani ya siku 14, na rufaa, kwa watu wengine kabisa, ndani ya siku 7. Hatua ya dharura iwe moja tu: kuondoa mara moja ujumbe wenye vitisho au unaoanika taarifa za mtu, bila kumhukumu aliyeuandika. Malalamiko mengi huletwa wiki ya kura yenye ushindani, mengine yakiwa silaha. Yapokeeni yote, lakini msitangaze uamuzi kabla kura haijafungwa.

Ushahidi wa mazungumzo hufutika, basi chukueni picha ya skrini yenye tarehe na saa. Ushahidi wa fedha ni namba ya muamala. Jina na maelezo ya mlalamikaji yasiandikwe kamwe kwenye blokucheni, kwani kilichoandikwa humo hakifutiki. Kinachochapishwa ni kifungu kilichovunjwa, adhabu, na idadi ya kesi kila baada ya miezi 3.

Adhabu zipande ngazi

Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2009, alichunguza jumuiya zinazotunza mali za pamoja kama maji na misitu, akaona kwamba katika zile zilizodumu adhabu huanza ndogo na kukua kadiri kosa linavyorudiwa. Ngazi inayofaa ni hii: ujumbe wa faragha, onyo la hadharani, siku 14 nje ya mazungumzo, kusimamishwa malipo kwa miezi 3, kisha kuondolewa kwenye kiti kwa kura ya wote. Kila ngazi ilinganishe na orodha ya funguo. Ngazi isiyo na mshika ufunguo, ifute.

Kupitisha

Kabla ya kura, tungeni kesi 3 za kubuni, ikiwemo moja inayomhusu mtu anayependwa na wote, mzipeleke kwa wajumbe 5 mmoja mmoja bila wao kushauriana. Kifungu kitakachotoa majibu yanayopishana kirudi kuandikwa upya. Kisha siku 14 za mjadala, halafu kura. Debian, mradi wa zamani wa programu huria, ulipitisha kanuni zake kwa kura ya wanachama mwaka 2014, na uzito wa kura hiyo ni kwamba hakuna anayeweza kusema alilazimishwa.

Hifadhi maandishi kamili kwenye IPFS (mtandao wa kuhifadhi faili) na uweke kitambulisho chake, namba inayotokana na maandishi yenyewe, ndani ya pendekezo lenyewe. Neno moja likibadilishwa baadaye, kitambulisho hakitalingana. Mwisho wa maandishi hayo andika tarehe ya kuisha, miezi 12 tangu kupitishwa: kanuni zisipopigiwa kura tena kufikia siku hiyo, zinakoma, na wajumbe wa kusikiliza malalamiko wanarudisha nafasi zao.