Kabla hujafungua Civil 3D (programu ya mainjinia ya kuchora barabara na mitaro) kudizaini mitaro ya maji ya mvua Nairobi, panga haya kwanza

Kitu ya kwanza kabisa, jua maji yataishia wapi. Si kwa mchoro, kwa ardhi yenyewe. Mainjinia wengi wadogo wakipewa ploti huko South C ama Embakasi wanawasha kompyuta, wanachora paipu safi kutoka kwa jengo mpaka kwa gati, halafu hapo kwa gati wanaandika "kwa mtaro uliopo" na kazi imeisha. Sasa huo mtaro uliopo uko juu ama chini ya paipu yako? Una tope kiasi gani? Wenyewe unapeleka maji wapi? Kama hujui, programu haitakuambia, itachora chochote utakachoipa, hata maji yanayopanda mlima.

Kwa hivyo nenda saiti kwanza. Beba tepu, levo (ile mashine ya kupima kimo cha ardhi) na mtu wa kukushikia stafu (ile rula ndefu unayosoma kwa mashine), fungua kifuniko cha manholi ya mwisho ama simama kwa mdomo wa kalvati, upime levo, yaani kimo, ya ardhi, levo ya chini kabisa ndani ya paipu (hiyo ndio invati) na levo ya tope iliyolala hapo. Hiyo ya tope ndio watu hawaandiki na ndio inaumiza. Paipu ya milimita 600 ikiwa na tope ya milimita 200 chini, zaidi ya robo ya nafasi imeisha, na bado hujahesabu karatasi za plastiki na matambara yaliyoshikana kwa mdomo. Ukimaliza hapo fuata maji kwa miguu mpaka uone yanaingia mto gani, maanake hapa kwetu mwishowe ni Nairobi River, Mathare ama Ngong River, zote zinashuka upande wa mashariki kuelekea Athi, na ukiwa Mukuru unapokea maji yaliyoanza safari huko juu Dagoretti yakapitia Kibra. Mto ukijaa, mdomo wa paipu yako unazama na maji yanarudi nyuma kwa kompaundi ya mteja. Ukidizaini kana kwamba mto uko chini siku zote umedizaini ya kiangazi.

Kama unaweza, nenda mvua ikiwa inanyesha ama kesho yake asubuhi. Mvua ndefu ni Machi mpaka Mei, ya vuli ni Oktoba mpaka Desemba, panga kazi yako hapo. Ukikosa, uliza watu. Mama mwenye kibanda kando ya barabara anajua kuliko kompyuta yoyote, muulize kwa heshima, "Mama, ile mafuriko ya 2024 mwezi wa nne maji yalifika wapi hapa?" na mara nyingi ataweka mkono kwa ukuta akuonyeshe. Weka chaki hapo, weka stafu, chukua levo. Hiyo laini moja ya chaki itakusaidia kukagua modeli yako yote baadaye, maana kama modeli inasema hapo ni pakavu na mama anasema maji yalimfika magotini, modeli ndio iko na shida.

Alafu uliza mtaro ni wa nani. Barabara za mitaani ni KURA (mamlaka ya barabara za mijini) ama kaunti, haiwei kubwa ni KeNHA (mamlaka ya barabara kuu), ukigusa mto ni WRA (mamlaka ya rasilimali za maji), na NEMA wa mazingira pia wako. Karibu na mto kuna ile nafasi ya kuachwa, kati ya mita 6 na 30 kila upande kulingana na upana wa mto, na hiyo unaichora siku ya kwanza kabla hata ya msanifu kuweka jengo, usingoje mpaka watu waanze kubomolewa. Na tafadhali usiunganishe maji ya mvua na paipu ya maji taka hata mteja akikusukuma vipi. Zile manholi unaona zinarusha vifuniko mvua ikinyesha, mara nyingi sababu ni hiyo tu, na uchafu unaishia kwa mlango wa mtu ambaye hakuhusika.

Data ya sevea ndio inafuata. Usidizaini mtaro kwa levo za Google Earth ama za setilaiti zile zenye pointi moja kila mita 30, zinaweza kukosea kwenda juu na chini kwa mita kadhaa, na wewe unatafuta mteremko wa sentimita. Mwambie sevea mapema unataka nini: kingo za barabara, chini ya mtaro na juu ya mtaro kama laini zilizoshikana, si pointi zilizotupwa tu, maanake Civil 3D inaunga pointi kwa pembetatu na bila hizo laini pembetatu zinaruka juu ya mtaro, na mtaro unapotea kabisa kwa kontua (laini za kimo kwa ramani). Muulize pia ametumia mfumo gani wa kodinati, yaani zile namba za kuonyesha pointi iko wapi duniani. Ramani nyingi za zamani ziko kwa Arc 1960, GPS inatoa WGS84, zote zinaandikwa UTM 37 kusini (kipande cha gridi ya dunia ambacho Nairobi iko) na namba zinafanana kwa macho, lakini tofauti yake ni kama mita 300. Nairobi ukiona namba ya kaskazini inaanza na milioni tisa na laki nane hivi uko sawa. Ukiona iko hasi, mtu amechagua zoni ya kaskazini ya ikweta. Na hakikisha templeti uliyofungua ni ya mita, kuna templeti ya futi inakaa hapo hapo kando na ukishachora paipu kwa hiyo, kurekebisha ni kuanza upya.

Sasa mvua. Kwa ploti na mtaa mdogo watu wanatumia ile fomula ya rashono (Rational: kipimo cha mtiririko mara mvua mara eneo), kwa maeneo makubwa kuna modeli ya mafuriko ya Afrika Mashariki ya 1976 ya TRRL, maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza, ambayo bado inatumika, lakini ujue mji wa wakati huo haukuwa na mabati, kabro na lami ya leo, kwa hivyo ingia saiti uangalie ardhi imefunikwa kiasi gani sasa na itafunikwa kiasi gani baadaye. Namba za mvua tafuta kwa idara ya hali ya hewa pale Dagoretti Corner, si kukopi za projekti ya Mombasa.

Fanya hesabu moja kwa mkono kabla ya programu. Chukua hekta 2, karibu yote imejengwa, kipimo cha mtiririko 0.8 (sehemu nane kwa kumi za mvua zinatiririka), mvua ya milimita 100 kwa saa: 0.8 × 100 × 2 ÷ 360, unapata mita za ujazo 0.444, yaani kama lita 444 kwa sekunde. Paipu ya zege ya 600 kwa mteremko wa 1 kwa 200, ikiwa mpya na safi na imejaa, ukitumia fomula ya Manning na ukwaruzo wa paipu wa 0.013 inabeba kama lita 434. Haitoshi! Imekaribia sana ndio maana mtu ataipitisha, na mwaka wa pili ikishapata mchanga haiwezi tena kukaribia. Ukienda 1 kwa 100 hiyo hiyo inabeba lita 614, lakini kule tambarare za Embakasi huo mteremko utautoa wapi bila kuchimba shimo refu, so unarudi kwa paipu kubwa ama mtaro wa wazi. Na hesabu pia maji ya jirani wa juu, hayaombi ruhusa kuingia.

Programu yenyewe nitaipitia haraka. Kama ofisi haina leseni ya Civil 3D, usitumie ile ya wanafunzi kwa kazi ya kulipwa. SWMM, programu ya Marekani ya kuhesabu maji ya mvua, ni ya bure na inatosha kwa mitandao ya paipu, HEC-RAS ni ya bure kwa mito, QGIS ni ya bure kwa ramani. Ukiwa na hizo tatu na programu ya kuchora ya kawaida kazi inatoka.

Kwa mchoro, onyesha fundi kile atachimba. Seksheni ndefu (mchoro wa paipu ukiangaliwa kwa ubavu) weka 1:1000 kwa urefu na 1:100 kwa kina, levo za invati kwa kila manholi, na paipu za maji, nyaya za stima na faiba zinazokatiza, zote. Pale kwenye udongo mweusi wa pamba andika wazi utolewe uwekwe maram (ile changarawe nyekundu) chini ya paipu, usipouandika kontrakta hatalipwa na hataweka. Vifuniko vya chuma vinaibiwa kwenda skrapu, chora vya zege pale magari mazito hayapiti.

Na faili: sevu kila mara kwa sababu stima haiagi ikienda, weka kopi nje ya hiyo kompyuta, na ukituma kwa mwenzako tuma pamoja na zile faili zilizounganishwa, fonti na sevei ya asili, juu yake uandike ni mfumo gani wa kodinati na levo zimetoka kwa alama gani ya kimo iliyowekwa ardhini.