Tangawizi ya gesi kwa kegi kuukuu: pa kubania pesa na pa kuzitoa

Siku nilipoileta kegi ya kwanza nyumbani Jang'ombe, mjini Unguja, juu ya mkokoteni, mzee mmoja wa barazani alinisimamisha kabla sijafika mlangoni.

"Mwanangu, hilo si pipa la ulevi?"

"Pipa la soda hili, ami. Nataka kutia tangawizi."

Hakuniamini, na sikumlaumu. Nilifanya kazi miaka sita stoo ya hoteli moja pwani ya mashariki, na kubadilisha mapipa ya bia ya wageni kulikuwa juu yangu: kufunga mtungi wa gesi (kaboni dayoksaidi, ile ya kwenye soda, si ya kupikia), kuchomeka mipira, kutafuta panapovuja. Bia yenyewe sijapata kuionja. Wageni waliokuwa wakitengeneza bia majumbani kwao walipenda kunihadithia vyombo vyao, jinsi walivyochoka kuosha chupa arobaini arobaini wakahamia kwenye kegi moja, na mie kila nikiwasikiliza nilikuwa naiona tangawizi ya Ramadhani tu.

Vyombo ni vilevile, kilichomo ndiyo mbali. Wao hutia kegini kitu kilichokwisha chachuka. Tangawizi yangu haionani na hamira kabisa, gesi yote inatoka mtungini. Ile ya kutia hamira kwenye chupa na kuiacha juani inapata gesi kweli, lakini hamira ikila sukari hutoa gesi na ulevi kwa pamoja, huwezi kuchukua kimoja ukaacha kingine. Tena chupa hupasuka. Mie imenipasukia moja kabatini usiku wa manane, tukadhani mwizi.

Sasa pesa. Mwenye mfuko mwembamba asianze kwa kununua kegi. Anze na mtungi wa gesi, regulata (kifaa cha kupunguza msukumo wa gesi inayotoka mtungini), mpira, na kifuniko kimoja cha plastiki chenye nozeli ambacho kinakaa kwenye chupa ya soda ya lita moja na nusu. Unajaza tangawizi baridi mpaka robo tatu, unaiminya chupa hewa yote itoke, unafunga kifuniko, unachomeka gesi kwa msukumo wa bar 2, chupa inavimba. Tikisa dakika moja mpaka usisikie tena gesi ikiingia. Iweke kwenye friji nusu saa kabla ya kuifungua, la sivyo utaoga. Chupa iwe ya soda, si ya maji. Ya maji ni nyembamba na haikutengenezwa kuhimili gesi. Wapo wanaotoboa kifuniko cha kawaida wakatia valvu ya tairi. Inafanya kazi, ila kiini cha valvu hiyo ni shaba, na kinywaji chenye gesi kina asidi inayoila shaba ikaingia kwenye unachokunywa. Kwa sababu hiyohiyo, fundi wa mafriji akikwambia atakufungia bomba safi la kopa, nalo ni shaba, mshukuru na umkatalie. Mpira wa plastiki wa kupitishia vinywaji, basi.

Kwa vitu hivyo vinne nilikaa miezi mitatu. Watoto wakanywa, majirani wakaja kuomba, nikajua kwamba sitochoka baada ya wiki mbili. Hapo ndipo nikatafuta kegi.

Regulata ndicho kitu pekee ambacho naomba usikibanie. Ilinila pesa kuliko kegi mbili za mitumba, na ya kwanza ilikuwa hasara tupu. Niliiagiza kwa mtandao, inang'ara, ina geji mbili, ikaja ikagoma kuingia kwenye mtungi. Kumbe nyuzi za mdomo wa mitungi hii, pale regulata inapokazwa, zinatofautiana: Marekani wana zao, Ulaya bara wana zao, Uingereza wana zao, na mtungi wangu ulikuwa na nyuzi za Kiingereza. Fundi mmoja akataka kuilazimisha kwa spana na utepe mweupe. Nilimnyang'anya. Ndani ya mtungi wa gesi hii kuna bar 57 hivi joto likiwa nyuzi 20, na kwa joto letu la mwezi wa pili inapita 70. Nati iliyoshika nusu ikichomoka si maskhara. Kwa hiyo tafuta mtungi kwanza, halafu mwenye duka la regulata apelekewe picha ya mdomo wake, au mtungi wenyewe.

Unapojaza, sema wazi kwamba ni gesi ya vinywaji. Wauzaji wa vifaa vya kulehemu nao wana gesi hiyo, ila hujui mtungi wao jana ulibeba nini. Angalia tarehe iliyogongwa shingoni mwa mtungi ya mara ya mwisho kupimwa. Ikiwa ya zamani mno anayejaza makini atakurudisha, na afadhali akurudishe. Usiubebe kimyakimya kwenye boti ya abiria ndani ya begi la nguo. Uliza upande wa mizigo.

Geji ya mtungi itakudanganya. Gesi hii imo ndani kama maji, kwa hiyo mshale unasimama palepale mtungi ukiwa umejaa na ukiwa umebaki robo, kisha unaanguka ghafla siku ya shughuli. Dawa yake mizani. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa juu yake. Pima, toa, kinachobaki ndiyo gesi yako. Kegi moja ya lita 19, kuitia gesi na kuisukuma mpaka iishe, inakula kama gramu 200. Mtungi wa kilo 5 ungekupa kegi ishirini na tano kama hakuna panapovuja.

Wa kwanza ulinipa tatu.

Nilifunga kila kitu jioni, nikaacha mtungi wazi, asubuhi mshale uko chini. Sikusikia hata mluzi. Tangu siku hiyo nina kikopo cha maji na sabuni ya kuoshea vyombo na brashi kuukuu ya kunyolea, na napaka kila kiungo kabla ya kulala: nati ya mtungi, mpira unapoingia kwenye regulata, vichwa vya kuchomeka, ukingo wa kifuniko. Usipake na kuondoka. Kaa uangalie kwa dakika nzima. Uvujaji mkubwa unatoa mapovu papo hapo, lakini ule wa wizi unaanza kama punje ya mtama, unasimama, halafu inakuja punje ya pili pembeni yake, na baada ya muda kuna kichuguu cheupe kimeota mahali ulipoapa kuwa pamekaza. Kwangu kilikuwa kwenye kifuniko cha kegi. Ringi yake ya mpira ilikuwa imekauka.

Na usiuweke mtungi chumba cha kulala kilichofungwa madirisha. Gesi hii nzito kuliko hewa, inatambaa chini, na chini ndiko wanakolala watoto. Mie naweka ukumbi wa nyuma wenye upepo, mtungi umesimama wima na umefungwa kamba ukutani. Ukiulaza, maji ya gesi yanaingia kwenye regulata na kuiharibu.

Kegi zenyewe huitwa Cornelius, kwa jina la kampuni ya Marekani iliyozitengeneza. Chuma cha pua, galoni tano za Kimarekani, yaani karibu lita 19, kimo cha goti na zaidi kidogo. Zilikuwa za kubebea shira ya soda kabla ya hoteli na mikahawa kuhamia kwenye mifuko ya plastiki ndani ya boksi, ndiyo maana zikaenea mitumba. Ziko za namna mbili: zilizotumiwa na Pepsi zina kufuli ya gololi, za Coca-Cola zina kufuli ya pini. Chagua namna moja ushikamane nayo, maana vichwa vya kuchomekea mipira havibadilishani. Mie nina za gololi. Pipa la bia lenye jina la kiwanda lililogongwa ubavuni kwa kawaida ni mali ya kiwanda hata likiuzwa mnadani, na kulifungua kunataka ujuzi mwingine; liache.

Unapokagua kegi ya mtumba usishughulike na mikwaruzo ya nje. Inamishe, nusa. Harufu ya soda ya zamani si tatizo la chuma, imo kwenye ringi za mpira, na ringi zote tano unabadilisha kwa pesa ndogo: moja kubwa ya kifuniko, mbili za nozeli, mbili ndogo za mirija. Tia mkono ndani kama mkono unapita, papasa chini. Vitobo vitobo vya kutu vinaniudhi kuliko bonyeo. Mara nyingi vinaletwa na dawa ya kufulia yenye klorini iliyoachwa humo, kwa hiyo na wewe usiitie. Maji ya moto, sabuni, suuza sana, kisha maji ya karibu kuchemka yakae dakika kumi huku kifuniko kikiwa wazi. Ukikifunga na maji ya moto ndani, yakipoa yanakivuta kifuniko kwa ndani na kulegeza ringi yake.

Nozeli ya gesi ina mrija mfupi, ya kinywaji ina mrija mrefu unaofika chini kabisa. Kichwa cha kijivu ni cha gesi, cheusi ni cha kinywaji. Ukikosea kitaingia kwa nguvu na kutoka kwa machozi.

Tangawizi kila nyumba ina yake, sitaki ugomvi. Kwa kegi moja natwanga kilo na robo, nachemsha katika lita nne za maji na kilo moja na nusu ya sukari, iliki, pilipili manga kidogo na karafuu mbili tu, nafunika nusu saa. Ndimu kumi na tano naziminya baada ya kupoa. Naongeza maji yaliyochemshwa yakapoa mpaka lita 17, juu ibaki nafasi. Maji ya kisima chenye chumvi yataonekana kwenye ulimi hata utie iliki ya shamba zima.

Kuchuja, hapo ndipo pana kazi. Harusi ya mdogo wa mke wangu nilichuja mara moja kwa chujio la chai, nikajisifu. Glasi ya nane kinywaji kikakata. Shemeji zangu wamesimama na trei, wanaume wanasubiri, mie nimevaa kanzu mpya nimeinama chini ya meza. Nyuzi za tangawizi zilikuwa zimejaa kwenye nozeli. Kwa haraka nikaanza kuifungua kwa spana bila kutoa gesi kwanza, na kanzu ikawa rangi ya chai mpaka kifuani. Kwa hiyo: chuja kwa chujio, kisha kwa kitambaa cha bafta kilichokunjwa mara mbili, acha itulie usiku kwenye ndoo, umimine ya juu na uache machicha. Na kabla ya kufungua chochote, vuta pete ya kutolea gesi iliyo juu ya kifuniko mpaka pawe kimya.

Baada ya kujaza, funga kifuniko, kivute juu kwa mkono, ndipo upige gesi bar 2. Msukumo wenyewe unakikalisha. Vuta pete mara tatu nne kutoa hewa iliyobaki. Halafu baridi, na hapa watu wengi huchoma gesi bure. Kinywaji cha nyuzi 25 kinakubali kama nusu tu ya gesi inayokubaliwa na cha nyuzi 4, kwa msukumo uleule. Kama huna friza linaloingia kegi, chukua pipa la plastiki, itumbukize kegi, jaza maji na barafu. Barafu ile ya wavuvi inatosha maana haigusi kinywaji. Umeme ukikatika nawe hujali.

Ikishapoa, bar 2, pauni 30 kwa hesabu ya mafundi wa tairi, kwa siku nne tano. Bia ingetosheka na chini ya bar 1 kwa baridi hiyo. Ukifuata vipimo vya wapika bia tangawizi yako itakuwa dhoofu. Ukiwa na haraka, ilaze mapajani na uibiringishe dakika kumi gesi ikiwa imechomekwa, iache itulie mpaka kesho. Tia valvu ya kuzuia kurudi nyuma kwenye mpira, ili tangawizi isipande kwenye regulata.

Kumimina, kibomba cha plastiki cha kubonyeza kwa kidole gumba kinatosha. Minara ya chuma ya kupendeza waachie hoteli. Ukiona povu tupu, mpira wako mfupi: kwa bar 2 mwembamba wa milimita 5 unataka mita sita au zaidi, uuzungushe juu ya kegi. Siku ya shughuli mie nafunga gesi, natoa msukumo kwa pete, narudisha kidogo cha kusukumia tu. Kwa saa mbili haipoi makali.

Haina dawa ya kuhifadhi, kwa hiyo ikae baridi na inywewe ndani ya wiki. Ikiachwa joto itaanza kuchachuka yenyewe, tukarudi kwenye swali la yule mzee. Yeye siku hizi anatuma mjukuu na jagi kila Alhamisi.

Ikiisha, toa gesi, fungua, osha siku hiyohiyo, pamoja na mrija mrefu. Ikauke, funga, ipe gesi kidogo na uiweke. Wiki ijayo kabla ya kujaza vuta pete. Ukisikia psss, jaza. Pakiwa kimya, anza na ringi ya kifuniko.