Nafasi ya boti ya muda mfupi Ufaransa: kulipa kidogo bila kuvunja mkataba

Mwongozo huu ni wa manahodha na mabaharia wenzangu wanaoendesha yoti za matajiri pwani ya Mediterania ya Ufaransa, pamoja na yeyote mwenye boti yake ndogo huku. Kwetu Kilifi au Mtwapa unatafuta maji yaliyotulia, unatupa nanga, mambo yamekwisha. Huku kila mita ya gati ina bei, na kila bei ina sheria nyuma yake.

Hatua ya 1: Pima chombo upya

Usitegemee namba ya kwenye hati pekee. Marina nyingi (bandari za boti za starehe) hutoza kwa urefu wote, tangu kinachochomoza omoni, yaani mbele, hadi kinachoning'inia tezini, yaani nyuma, na huangalia upana pia. Urefu umegawanywa kwa madaraja, na ukivuka daraja kwa sentimita chache unalipa daraja zima. Yoti ya mita 11.90 yenye kihori kilichotundikwa tezini inaweza kuandikwa mita 13. Kipandishe sitahani kabla hujaingia. Katamarani, boti yenye viwiliwili viwili, hulipa zaidi, mara nyingi nusu ya bei juu ya bei ya kawaida, na hapo hakuna ujanja.

Jua pia chombo chako kinahitaji kina gani. Mediterania haina kujaa na kupwa kwa maana tunayoijua sisi, lakini upepo mkali wa siku kadhaa huweza kupunguza maji bandarini.

Hatua ya 2: Chagua msimu, halafu mji

Julai na Agosti ni miezi ya kuchunwa. Kuanzia Oktoba hadi Machi bei hushuka sana, na marina nyingi huuza kifurushi cha majira ya baridi. Bei zote hutangazwa hadharani, mtandaoni na ubaoni nje ya ofisi, kwa hiyo usimuulize mtu wa baa. Piga hesabu ya mwezi mzima hata kama unahitaji wiki tatu tu, kwa sababu mara nyingi mwezi hutoka nafuu kuliko usiku mmoja mmoja.

Antibes na Cannes unalipia jina. Elekea magharibi. Port-Camargue ina nafasi zinazokaribia 5,000, na Port-Saint-Louis-du-Rhône, mdomoni mwa mto Rhône, ni mahali ambapo wengi hupandisha boti nchi kavu kusubiri msimu. Kama tajiri haji mpaka Juni, nchi kavu ndiyo ushauri wangu wa kwanza.

Hatua ya 3: Omba nafasi

Piga simu ofisi ya bandari, ile wanayoiita capitainerie, siku moja au mbili kabla. Ukikaribia, ita kwa redio chaneli 9. Sema maneno machache: jina la boti, urefu, upana, usiku ngapi. Kwa mfano: "Bonjour, voilier de douze mètres, largeur quatre mètres, une place pour deux nuits, s'il vous plaît." Yaani: habari, yoti ya matanga ya mita kumi na mbili, upana mita nne, nafasi ya usiku mbili, tafadhali. Ukijibiwa kwamba pamejaa, uliza saa ngapi waondokao wanaondoka. Nafasi nyingi hufunguka karibu na saa sita mchana, na anayefika saa kumi na mbili jioni hukuta mabaki.

Tazama utabiri wa mistral, upepo mkali wa kaskazini wa huku. Upepo huo ukitangazwa, kila mwenye boti hukimbilia ndani. Ama uwatangulie kwa siku nzima, ama ungoje upite.

Beba hati ya usajili na bima inayofunika madhara kwa wengine na gharama za kuondoa chombo kilichozama. Bei ya usiku huongezwa ushuru wa wageni. Kima cha kitaifa kwa marina ni senti 20 za yuro kwa mtu kwa usiku, na mkoa unaweza kuongeza chake juu.

Hatua ya 4: Jirani akikupangisha nafasi yake

Hapa ndipo watu huumia. Jamaa anakwambia nafasi yake iko wazi mwezi mzima, mpe taslimu, bei nusu ya ofisi. Kabla hujatoa kamba, elewa anachokiuza. Bandari nyingi zimekaa juu ya bahari ya umma, yaani mali ya taifa isiyouzwa. Mzizi wa sheria hiyo ni mkongwe: Amri ya Moulins ya mwaka 1566 ilikataza milki ya taji la mfalme kuuzwa. Mwenye mkataba wa mwaka hamiliki maji wala gati. Ana ruhusa ya kukaa, yenye jina lake na la boti yake, isiyozidi mwaka 1 kwa mara, ingawa huhuishwa. Hawezi kuipangisha, na kwa kawaida hata kumwazima rafiki bure hairuhusiwi. Mkikamatwa, yeye anaweza kupoteza mkataba aliousubiri miaka, na wewe ukatozwa bei ya mgeni tangu siku uliyofika.

Ndiyo maana pia tangazo la "boti pamoja na nafasi yake" ni la kutiliwa shaka. Ukinunua boti, nafasi hurudi bandarini.

Wako wachache wenye haki ndefu zaidi, hadi miaka 35, kwa sababu walichangia gharama za ujenzi. Hao huweza kuruhusiwa kupangisha. Lakini mikataba mingi ya aina hiyo ilitolewa marina zilipojengwa miaka ya 1960 na 1970, na muda wake umekwisha au unaelekea kwisha. Mwombe mwenyewe akuonyeshe mkataba na tarehe ya mwisho, kisha nendeni pamoja ofisini mpate idhini ya maandishi yenye jina la boti yako. Lipa kwa benki. Akikwepa safari ya ofisini, achana naye.

Kuwalaza wageni wa kulipa ndani ya boti iliyofungwa gatini ni jambo jingine linalohitaji idhini.

Hatua ya 5: Kama mwenye mkataba ni wewe

Ukiondoka, andika ofisini tarehe ya kutoka na ya kurudi. Bandari ina haki ya kumweka mgeni hapo na kuchukua pesa. Usinune. Ulizia kama bandari yako imo katika mtandao wa Passeport Escales: humo siku ulizotangaza kutokuwepo hukuletea usiku wa bure kwenye bandari nyingine wanachama. Na ukitaka kurudi mapema kuliko ulivyoandika, wapigie kwanza, maana mgeni aliyelipa hatahamishwa usiku kwa ajili yako.